Gari Inayojua Funguo Tatu

Jumamosi nilikuwa kwa fundi wa funguo huko Baba Dogo, nikingoja zamu. Ufunguo wa gari langu kuukuu ulikuwa umevunjika, na una chipu ndani ambayo gari huitambua ndipo liwake, kwa hivyo hauchongwi kwa tupa. Mbele yangu alikuwa mama mmoja aliyetaka ufunguo wa akiba.

Fundi alichomeka mashine chini ya usukani wa gari lake, akaisoma, akakunja uso.

"Mama, uko na funguo ngapi?"

"Moja tu. Shemeji aliniuzia hii gari, akaapa ile ingine ilipotea."

"Hii gari inajua tatu."

Mama alikitazama kiti cha dereva, akakipapasa. "Ndiyo maana nikiiacha nyumbani niende kanisani, nikirudi napata hiki kiti kimesukumwa nyuma."

"Nifute hizo zingine? Mwenye nazo atafungua mlango, lakini gari haitawaka."

Alipumua kwa nguvu. "Futa. Siku shemeji ataniuliza mbona gari yangu haiwaki, tutaongea."

Ndivyo tulivyo. Unanunua gari kwa mtu wa nyumbani ili usitapeliwe, kisha unaogopa kumdai ufunguo wa pili asije akasema humwamini.

Zamu yangu ikafika. Fundi akachomeka mashine, akanigeukia. "Na wewe mzee, nikuambie yako inajua ngapi?"

Gari hili niliuziwa na ndugu yangu wa tumbo moja. Kila nikisafiri na kuliacha nyumbani, nikirudi napata mafuta yamepungua.

"Tengeneza tu ufunguo," nikamwambia. "Usiniambie."