Madoa kwenye Safu Isiyopakwa

Fundi wa maabara huyapaka majani ya mtama ukungu wa ugonjwa kwa brashi ndogo, taratibu kama anayempaka mtoto mafuta, huku akiyatukana: "Jiteteeni, wavivu nyie!" Jani imara hutengeneza palepale sumu yake ya kuua ukungu na kutoka madoa mekundu. Jana madoa yalitokea hata kwenye safu isiyopakwa ukungu, ile ya kulinganishia.

"Mzee wangu, umeyafanya nini?" aliuliza mtafiti. Kazi yake ya miezi mitatu ilikuwa imeharibika.

Fundi alikiri kwamba kila asubuhi huyafinya majani ya safu hiyo kwa ukucha, kuyajulia hali.

"Yaani nianze upya kwa ajili ya salamu zako?"

"Nisamehe, binti yangu." Akatia mikono mfukoni, akaliinamia jani na kulinong'oneza: "Kufinywa tu, umeshapika sumu? Shenzi wewe, hongera."