Mzimamoto Hutia Sahihi Akirudi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai iliyonikaba mpaka nikadhani baraza la mji limeamua kuninyonga kabla ya mshahara wa kwanza. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni pale Kaaga, cheti bado kina joto. Nikapewa dawati mjini Meru nyuma ya rundo la mafaili lililoutia aibu Mlima Kenya. Kazi yangu ilikuwa mafao ya familia za waliofia kazini: askari wa baraza, wazimamoto, walinzi wa misitu.

Vijana mnaobonyeza kompyuta, sikilizeni. Kila faili lilitaka karatasi nne: taarifa ya ajali, cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja wategemezi, yaani mke, watoto na wazazi waliolishwa na marehemu, na nakala ya kitabu cha zamu kuonyesha kwamba siku hiyo alikuwa kazini. Karatasi moja ikikosekana, mjane alirudi nyumbani mikono mitupu.

Nilihamishiwa Embu, na huko Karani Mkuu, mama mmoja mkali kuliko pilipili ya gunia zima, akanifunza kazi. "Usisome faili kama karani," aliniambia. "Soma kama barua ya mama yako. Tafuta asichokisema."

Niliporudi Meru baraza lilikuwa limevunjwa, tulikuwa tayari chini ya serikali ya kaunti, nami nikakutana na faili la Murithi. Alikuwa mzimamoto, mshika mpira wa maji. Ghala la mbao liliwaka upande wa Kinoru mchana kweupe, paa likamwangukia. Mkewe, Mama Makena, alileta karatasi zake zikiwa zimepigwa pasi. Mkuu wa Utumishi akafungua kitabu cha zamu, akagonga kidole kwenye mstari wa Murithi.

"Hakutia sahihi. Hakuwa kazini. Funga faili."

"Mkubwa, kwani alifia wapi? Harusini?"

"Alikwenda kwa hiari yake."

"Na kofia ya chuma ya kaunti, aliivaa kwa hiari yake?"

"Karani, funga faili!"

Sikufunga. Nilikwenda kituoni kumwona Mkuu wa Zimamoto. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini maji yana unyevu.

"Kengele ikilia, nitafute kalamu nyumba ikiungua? Sisi hutia sahihi tukirudi."

Nikaomba kitabu, nikakisoma kama barua ya mama. Siku tulivu, kurasa ni safi. Siku za moto, kila sahihi imezungukwa na alama za vidole vyeusi vya masizi. Ukurasa wa siku ile ulikuwa na sahihi tano zenye masizi, na mstari wa sita, wa Murithi, mweupe kabisa.

Niliandika yote hayo, wale watano wakaapa mbele ya wakili kwamba Murithi alitoka nao, nikatayarisha barua kwa kamati ya fidia. Mkuu wa Utumishi akaisoma akiwa amesimama.

"Ukituma hii, utapokea majibu yake ukiwa Timau."

"Basi nitabeba sweta, Mkubwa."

Nikaituma, akanihamisha. Jamani, baridi ya Timau! Chai iliganda ikiwa bado jikoni. Lakini siku kamati ilipokutana Meru nilishuka bila ruhusa, nikaketi kando ya Mama Makena.

Mwenyekiti alimwuliza kwa sauti laini, "Mama, una ushahidi gani kwamba mumeo alikuwa kazini?"

Mama Makena alisimama, akageuza kitabu cha zamu kilichokuwa mezani kikamwelekea mwenyekiti.

"Hawa watano walitia sahihi kwa sababu walirudi. Mnataka na ya wangu? Mleteni, atie. Mimi nitamshikia kalamu."

Mwenyekiti alitazama ule mstari mweupe, kisha akaomba faili na kuandika: *Alikuwa kazini. Familia ilipwe.* Mama Makena hakulia mle ndani. Alilia nje, akiwa ameegemea ukuta, nami nikajifanya nafunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Tangu hapo, mtu anayepokea simu kituoni ndiye anayeandika majina gari likitoka. Msidhani ni ofisi iliyojipa akili.

Mimi nilistaafu na barua tatu za onyo, ya mwisho ikiwa ya ile safari bila ruhusa. Juzi afisa kijana wa utumishi alinionea huruma. "Mzee, omba zitolewe kwenye faili lako. Zinakuchafulia jina."

Nikamwambia aziache palepale, tena azibane vizuri zisianguke. Siku moja mtu atafungua faili hilo akitaka kujua kama nilikuwa kazini.