Sukari Inapita, Askari Hapiti

Nilirudi kijijini kwetu Kingi na diploma ya tiba ya mifugo ndani ya bahasha ya plastiki. Nyuma yangu, kule Mubambiro, barabara ya mjini ikafungwa kwa vita. Wiki hiyohiyo niliona sisimizi. Walikuwa wamejipanga hadi kwenye mgomba ambapo mbwa wetu alikuwa amekojoa.

Mbwa alikunywa maji bila kutosheka, alikonda, na macho yake yalikuwa yanageuka meupe kama maziwa. Kisukari. Nilikaa siku tatu bila kusema, nikiogopa kwamba nimekosea, kisha nikiogopa kwamba sijakosea. Huyo mbwa ndiye aliyekuwa akituonya kila watu wenye bunduki walipopanda kilima. Akibweka, tunawahi kujificha migombani. Akifa je?

Nilipomwambia mama, akanicheka. "Munganga ya imbwa! Miaka yote ile ulisoma nini?"

Nikamweleza kazi niliyoandika kumaliza masomo. Watafiti huchukua chembe za mnyama mwingine zinazotengeneza insulini, huzifungia katika vidonge vidogo sana, na kuviweka tumboni mwa mnyama mgonjwa. Ganda la kidonge lina vitundu. Sukari inapita, insulini inatoka, lakini askari wa mwili, wanaoua kila kitu kigeni, hawapiti.

Mama akaacha kuchambua maharagwe. "Na zile chembe, zinajua kama ziko mu tumbo ya mwingine?"

Sikuwa nimesoma hilo popote.

"Basi umuwekee, papa," akasema, akiniita kama nilipokuwa mtoto.

"Mama, niko na vitabu tu. Hata sindano moja ya insulini sina."

Adhuhuri moja ukungu ulishuka hadi mlangoni. Mbwa alikuwa amelaza kichwa juu ya mguu wangu. Ghafla akasimamisha masikio, akaelekeza macho yake meupe mlangoni, akafungua kinywa kubweka. Sauti haikutoka. Ndipo tukasikia mabuti, karibu mno, hatukuwa na muda wa kukimbilia migombani.

Walipita kando ya ukuta wa mbao. Kwenye nyufa mwanga ulizimika na kurudi, mtu baada ya mtu. Mmoja akasimama.

"Humu hamuna muntu. Hata imbwa haiko."

Wakaenda. Tulisubiri hadi mabuti yakapotelea ukunguni.

"Zinajua," mama akanong'ona, akigusa ukuta wenye nyufa. "Zile chembe yako. Zinajua."

Nikainama kumpapasa mbwa. Kichwa chake kilikuwa kimelala tena juu ya mguu wangu, kizito, kinywa bado wazi, bila pumzi. Chini ya mlango, sisimizi walikuwa wameshaanza kuingia.