Kanda ya Kiluguru niliyoifuta nikiwa jengo jingine

Leo nimefuta kazi ya miaka sita ya baba mdogo, na nilichogusa ni kibodi tu.

Anafanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha chuo kimoja hapa Morogoro. Mashine ya kanda za sumaku, zinazohifadhi mafaili, iko jengo la chini. Sisi tuko juu, tunaiendesha kupitia mtandao. Ukiandika amri huku, kanda inazunguka kule.

Ila huioni.

Baba mdogo alitoka kunywa chai, akaniachia nihifadhi mafaili ya wiki kwenye kanda tupu. Nikampigia simu Mzee Kobelo, anayebadilisha kanda kule chini.

"Shikamoo mzee. Umeshaweka kanda?"

"Marahaba mwanangu. Nimeweka."

Umeweka ipi? Nilitaka kuuliza tena. Lakini kumuuliza mzee mara mbili ni kama kumwambia hajui kazi yake, na mnanijua nilivyo.

Nikairudisha kanda mwanzo, nikaandika juu yake.

Simu ikalia.

"Mwanangu, ile ya Kiluguru umeshaisoma? Niitoe?"

Ndiyo ilikuwa nakala pekee. Maneno ya Kiluguru ambayo baba mdogo aliyakusanya milimani, kwa wazee ambao wengi tumeshawazika.

Nilimwambia baba mdogo aliporudi. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akafungua daftari, akaanza kuandika anayoyakumbuka.

Sijalia. Sisikii kitu chochote, hata njaa.

Tumefika maneno kumi na moja.

Mwenye bibi anayejua Kiluguru, tafadhali amuulize hata neno moja, aniandikie hapa.