Picha Nne za Vunjajungu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye kiwanja cha wazi huko Zuzu, mwanamke amelala kifudifudi juu ya udongo mwekundu, kitenge amekikaza kiunoni, kamera ameibana usoni. Mbele yake, umbali wa kiganja tu, limechanua ua la mbigili, na ndani yake buibui mweupe asiyezidi punje ya mtama anavizia nzi. Mwanamke amezuia pumzi. Wanaopita kuelekea stesheni wanapunguza mwendo na kuulizana kama huyu mama ni mgonjwa.

Mgonjwa gani. Huyu ni Khairat Harithi, mpiga picha wa Majengo, na anawahi upepo. Ikifika saa mbili upepo wa Dodoma umeshaamka, na hapo hakuna ua litakalotulia kwa ajili ya mtu.

"Ukihema tu, buibui katoka kwenye picha," anasema akijikung'uta vumbi. "Nikimpata nashukuru, naenda zangu kazini."

Kazini ni chumba kimoja kando ya wauza mahindi, alichoachiwa na baba yake, Mzee Harithi, aliyemfundisha kazi tangu alipomaliza darasa la saba. Anapiga picha za vitambulisho, za ubatizo, na hasa za harusi, maana upande wa wanawake mpiga picha mwanamume haingii. Picha moja ya rangi ni shilingi 300. Mwezi wa harusi nyingi hubakiwa na 60,000 hivi, na mwezi mkavu hupata za kodi na unga, basi.

Ana umri wa miaka arobaini na miwili, na anakumbuka vizuri miaka ya uhaba, filamu ilipokuwa inaletwa kwa kujuana, mtu kaificha kwenye soksi. Biashara zilipofunguliwa, filamu za rangi zikajaa madukani na watu wakaanza kufanya harusi za kupigwa picha mpaka sufuria za pilau.

Mapenzi yake kwa vidudu yalianza kwa hasara. Lenzi ya zamani ya baba yake ilimponyoka, ikavunjika shingo, haikushika tena kwenye kamera. Akiigeuzageuza kwa majonzi, aliichungulia kinyumenyume akamwona sisimizi wa mezani amekuwa mkubwa kama mbuzi, ana nywele miguuni. Akachukua kipande cha mpira wa baiskeli, akaifunga lenzi hiyo kinyumenyume mbele ya kamera, na tangu siku hiyo hajapona.

Lakini filamu ni ghali, na hapo ndipo alipoponzeka. Mkanda mmoja una picha thelathini na sita. Harusi ikiisha zikabaki tatu au nne, alizitumia kwa vidudu vyake kabla ya kupeleka mkanda kusafishwa. Hakuona kosa. Mteja alilipia picha alizopewa, na za mwisho zilikuwa za kutupa.

Mwaka juzi, 1993, alipiga harusi ya Loisi, binti wa Mzee Apolinari, huko Ipagala. Jioni ilikuwa imeingia, keki imeliwa, watu wanatafuta viatu vyao. Zilibaki picha nne. Khairat akamwona vunjajungu wa kijani amekaa kwenye shada la bibi harusi, kainua mikono kama anayeomba dua. Jamani, angemwacha vipi? Akafunga lenzi yake ya kinyumenyume akazimaliza zote nne.

Hajakaa sawa, mlango ukafunguliwa akaingia Bibi Anastazia, mama yake Mzee Apolinari. Basi alilopanda kutoka kijijini kwao Farkwa lilikuwa limeharibika njiani tangu asubuhi. Bibi alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, lakini alikwenda uani akanawa, akavaa kitenge kipya, akaja kuketi kando ya mjukuu wake. Hakuwa amepigwa picha hata mara moja maishani. Kwa Kisandawe alimwuliza Loisi akae vipi, na Loisi akamwambia akae anavyokaa kwake.

Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa. Khairat angeweza kusema filamu imeisha. Ila angeulizwa imeishia wapi, na ukumbi mzima ulikuwa umemwona ameinamia maua.

Wapiga picha wana hila yao, wanaiita flashi tupu. Mtoto akisumbua anataka picha, unamwelekezea kamera isiyo na filamu, taa inawaka, mtoto anaridhika anakwenda kucheza. Khairat aliinua kamera, taa ikamulika. Bibi Anastazia hakupepesa macho. Aliomba kupitia kwa mjukuu wake kwamba picha ikiwa tayari apelekewe hata kama ni ndogo.

"Sijawahi kuona aibu kama ile," anasema Khairat. "Nikajiambia nitakwenda Farkwa nimpige picha ya kweli. Leo kuna harusi, kesho mvua, keshokutwa barabara. Sikwenda."

Walipokuja kuchukua picha za harusi, aliwaambia ile ya bibi imeungua kwa mwanga. Wakamwamini. Miezi saba baadaye Mzee Apolinari aliingia studio, kofia mkononi. Mama yake alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita. Alimjibu shikamoo yake vizuri, akaketi, akamwomba ule mkanda ulioungua.

"Hata kikiwa kivuli tu, dada Khairat, nipe hicho kivuli. Nyumbani hatuna sura yake."

Uongo mwingine ulikuwa rahisi, kumwambia mkanda umetupwa, na yule mzee angeondoka akimshukuru kwa muda wake. Khairat alivuta droo, akatoa zile picha nne za vunjajungu, akazipanga mezani mbele yake. Kisha akamweleza yote, mpaka flashi tupu.

Mzee Apolinari alizitazama moja moja, hadi ya nne.

"Kwa hiyo mama alikaa sawa kwa ajili ya mdudu," akasema. Akavaa kofia akaondoka, na salamu za Khairat hakuzijibu tena, si kanisani anakokwenda kupiga picha za ubatizo wala sokoni. Harusi za Ipagala zikamkauka kwa mwaka mzima, na Khairat anasema ilikuwa haki yake.

Kulikuwa na watu waliomshauri aachane na vidudu kabisa. Alijaribu miezi mitatu, akawa anakaa studio hana raha, anapiga nyuso za watu kama anayepiga mihuri. Akarudi kwenye maua, ila sasa hununua mkanda wake mwenyewe, mmoja kila mwezi, na mkanda wa harusi haugusi kwa jambo lake.

Wiki mbili zilizopita Loisi alikuja studio na mwanawe mgongoni. Anataka wazee wa Farkwa wapigwe picha wote kabla hawajaondoka mmoja mmoja, na nauli atatoa yeye. Khairat alimwuliza kama baba yake anajua. Loisi akasema baba anajua, hakusema ndiyo wala hapana, ila siku hiyo atakuwepo.

Jumamosi hii Khairat anapanda basi. Amenunua mikanda mitano, na wazee hawatalipa hata senti. Lenzi ya kinyumenyume anaiacha mezani, ingawa amesikia kule mvua imeleta wale wadudu wekundu laini anaowapenda kuliko wote. Anachoogopa ni uso wa mtu mmoja, na hafichi hilo.

"Nitawapiga wote wanaotaka," anasema. "Ya mwisho kwenye mkanda wa tano siipigi. Nitakaa nayo hapo uani mpaka basi la jioni, namngoja Mzee Apolinari. Akija, ni yake. Asipokuja, nitairudisha Dodoma hivyo hivyo, na nitakwenda tena."