Nilivyokwenda Kibondo Kukifuata Kicheko Changu

Sikuondoka Kasulu kwa ajili ya biashara. Biashara yangu inakwenda yenyewe. Mimi niliyeishia darasa la nne, leo wenye vyeti wananipisha mlangoni. Niliondoka kwa sababu ya mke wangu. Tulikuwa tunakula, akasema, "Baba Neema, tangu tuhamie nyumba hii ya bati sijakusikia ukicheka. Siku hizi naishi na bosi."

Lilinichoma. Nikamwambia kila nilichokitaka nilikifuata nikakipata, na kicheko nitakifuata.

"Ukirudi nacho nachinja jogoo," akasema. "Ukirudi hivyo hivyo, maharage."

Saa kumi na mbili asubuhi, Oktoba 2014, nikawasha lori langu.

Makere nikasimama kunywa chai. Nikaona nianze kazi palepale. "Mama, hebu nichekeshe," nikamwambia mwenye kibanda.

"Mimi mkeo?"

Benchi zima likacheka, isipokuwa mimi.

Saa nane nikafika Kibondo kwa Mathayo, niliyechoma naye matofali ujanani, tukilala blanketi moja na kucheka usiku kucha. Nilimkuta kwenye tanuru linalowaka, moshi unatoka kwenye nyufa, na wingu jeusi limeshafika mlimani. Mimi na shati langu jeupe nikasimama pembeni nisubiri salamu. Akanitazama, akaendelea kusiriba nyufa kwa udongo. Kwetu, ukikuta tanuru linawaka unapiga udongo kwanza, ndipo usalimiwe. Nilisahau, mimi niliyemfundisha yeye kazi hiyo.

"Nikuitie vibarua?" nikauliza.

"Umekuwa mgeni kiasi hicho? Mvua ikiingia humu, mama yangu hana nyumba."

Nikavua viatu. Tulikanyaga udongo, tukabeba, tukaziba. Mara nikateleza, nikakaa katikati ya shimo la tope.

"Tajiri kapata kiti," Mathayo akasema.

Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mvua ilipopiga, hapakuwa na ufa hata mmoja. Ndipo Mathayo akapiga makofi taratibu, akainama, akanisalimu kwa Kiha: "Mwidiwe, ndugu yangu." Nikakumbuka kilichonipeleka, tangu nivue viatu sikuwa nimekiwaza.

Kesho yake mchana nilikuwa Kasulu. Mke wangu akatazama shati. "Umekipata?"

"Nimekipata."

"Nionyeshe."

Nikajaribu kucheka. Kikatoka kitu kama kikohozi cha mbuzi.

"Maharage," akasema, akaingia jikoni.

Jiko lenyewe ni lile la udongo nyuma ya nyumba, lenye ukuta uliopasuka. Mara ngapi ameniomba, nami namjibu nitatuma fundi. Nikavua viatu. "Mama Neema, lete maji, tukanyage udongo."

"Wewe? Na kitambi hicho?"

Tulikanyaga. Akanipaka tope puani, nami nikampaka. Jirani akachungulia juu ya ua, akauliza tunachekea nini.

Wanaosema furaha haitafutwi, wakae kwao wasubiri. Mimi niliitafuta. Ila nilipoikazia macho pale Makere sikuiona; niliikuta mikono yangu ikiwa kwenye kazi ya mtu ninayempenda. Ukuta wa jiko umekauka vizuri, na bandani kwetu jogoo mmoja hayupo.