"Wait up" yangu ya kwanza

Lazima niandike leo leo.

Juzi madam wa Kiingereza alitufundisha "wait up". Alisema ni ya kumwambia mtu aliyekutangulia asimame kidogo umfikie, ndipo muendelee pamoja. Akataka mifano yetu wenyewe. Mimi niliandika tu daftarini, mkono sikuinua. Siku zote niko nyuma ya watu, na sijawahi kumwambia yeyote anisubiri.

Leo Ijumaa tulikuwa kanisani Mesaimeer, maana huku ughaibuni siku ya mapumziko, na ya ibada yetu, ni Ijumaa. Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye ni mlinzi, alitangaza kwamba anayetaka kuanzisha wimbo Ijumaa ijayo amwambie kabla hajaondoka. Kwetu anayeanzisha huimba mstari wa kwanza peke yake, bila ngoma wala kinanda, ndipo kwaya iitikie. Wimbo wenyewe nimeuimba bafuni mpaka mama ameuchoka. Ila watu walikuwa wamemzunguka, nikajifanya napanga viti. Kuinua macho, ameshatoka.

Basi la kampuni linalowabeba walinzi baada ya ibada halingoji mtu. Nikamwambia rafiki yangu tumkimbilie, akacheka. "Wewe hata ukiitwa huitiki. Leo ndiyo utaita mtu?"

Nikakimbia peke yangu. Mwalimu alikuwa mbele kabisa, karibu na geti, koti la sare begani. Miguu yangu isingemfikia. Sauti ndiyo iliyobaki.

"Mwalimu, wait up!"

Sijui kwa nini Kiingereza ndicho kilichotoka. Labda kwa kukirudia kichwani tangu juzi. Foleni yote ya getini iligeuka kunitazama, na masikio yangu yakawaka moto. Lakini mwalimu alisimama. Hakurudi nyuma, alisimama tu mpaka nikamfikia, kisha tukaenda pamoja, yeye akipunguza hatua zake ndefu.

"Haya, mdogo wangu, sema."

"Nataka kuanzisha wimbo."

Akatazama basi, akanitazama. "Anzisha basi. Hapa hapa, tukitembea."

Nikaimba. Mwanzo sauti ilikuwa nyembamba kama uzi, halafu ikatoka ile ya bafuni. Nilipomaliza mstari, walinzi wawili wa kwaya yetu, waliokwisha kukaa ndani ya basi, waliitikia dirishani. Dereva akapiga honi. Mwalimu akaweka mguu kwenye ngazi.

"Ijumaa ni wewe," akasema, mlango ukafungwa.

Mama ananiita nikale. Siwezi kula.